Uzi: Gunia la mahindi lenye homa, au jinsi seli zinavyotoa nishati kwenye chakula

Mtoa mada

Wakuu, salaam. Wiki iliyopita nilimsindikiza mjomba wangu sokoni Tandale, ambako hununua mahindi kwa ajili ya mashine yake ya kusaga iliyoko Mbagala. Kabla hata ya kuuliza bei alifungua mdomo wa gunia, akakunja mkono wa shati, akauzamisha mkono hadi kwenye kiwiko na kutulia hivyo kwa muda. Alipoutoa alimwambia muuzaji, "Haya yana homa." Nami nikaingiza wangu. Juu punje zilikuwa na ubaridi wa asubuhi, lakini katikati ya gunia palikuwa na joto la wazi kabisa, kama la uji uliosahauliwa mezani, na punje zilikuwa zikishikana kidogo vidoleni. Gunia lilikuwa limelala ndani usiku kucha, wala hakuna jua wala moto uliolifikia.

Nafundisha baiolojia tuisheni huku Temeke, na kila mwaka mada inayowashinda wanafunzi wangu ni upumuaji wa seli. Wanakariri majina na hesabu, halafu ukiwauliza joto la mwili wao linatoka wapi, wanakutazama tu. Ndiyo maana nimefungua uzi huu, kwa sababu lile gunia lilinifundishia somo vizuri kuliko ubao wangu.

Punje ya mahindi ni mbegu, na mbegu iko hai. Ndani yake kuna kiinitete chenye seli zinazotumia wanga polepole ili zisife. Ikikaushwa vizuri, hadi unyevu wa asilimia 13 hivi, shughuli hiyo hupungua kiasi cha kutoonekana. Ikiwekwa guniani ingali mbichi, seli zake, pamoja na kuvu na wadudu walioingia nayo, hutumia chakula kwa kasi, na sehemu kubwa ya nishati inayotoka huwa joto. Mjomba aligusa kwa mkono jambo lile lile linalofanya kwapa lako liwe na nyuzijoto 37.

Tatizo la kwanza ni neno lenyewe. Tukisema "kupumua", kila mtu hufikiria kifua kinachopanda na kushuka, na lugha yetu inatusukuma huko, kwa kuwa pumzi, kupumua na kupumzika vyote vimetoka shina moja. Lakini mapafu hayatengenezi nishati ya mwili wako, bali ni mlango wa kuingizia oksijeni na kutolea hewa ya ukaa. Upumuaji ninaouzungumzia hufanyika ndani ya kila seli, ya kidole, ya ini, ya jicho, na hufanyika vilevile kwenye punje ya mahindi ambayo haina pua wala mapafu.

Tatizo la pili ni usemi kwamba chakula "kinachomwa" mwilini. Usemi huo una heshima yake. Mwaka 1783 Lavoisier na Laplace, huko Ufaransa, walieleza jinsi walivyomweka simbilisi ndani ya chombo kilichozungukwa na barafu, wakapima barafu iliyoyeyuka kwa joto lake, kisha wakalinganisha na joto la mkaa unaoungua na kutoa kiasi kile kile cha hewa ya ukaa. Hesabu zilikaribiana, na wakaona kwamba upumuaji ni mwako wa polepole. Kwa hesabu ya mwanzo na mwisho walikuwa sahihi: glukosi (aina ya sukari) na oksijeni huingia, hewa ya ukaa na maji hutoka, na gramu 180 za glukosi hutoa takriban kilojuli 2,870, iwe kwenye moto au kwenye seli. Ambacho hawakuweza kukiona ni njia ya katikati, na njia hiyo ndiyo tofauti kati ya jiko na mwili.

Fikirieni gunia la sukari la kilo 50 lililo ghorofa ya sita Kariakoo. Likitupwa dirishani litafika chini, lakini nguvu yote itaishia kwenye kishindo na sukari iliyomwagika barabarani. Likifungwa kamba inayopita kwenye kapi, likateremka taratibu, linaweza kupandisha mzigo mwingine upande wa pili. Jiko la mkaa hutupa gunia dirishani. Seli hutumia kapi, na mzigo unaopandishwa upande wa pili ni molekuli iitwayo ATP, ambayo ndiyo inayolipia karibu kila kazi ya seli: kukunja msuli, kusukuma chumvi nje ya neva, kuunganisha protini mpya.

Safari huanzia kwenye saitoplazimu, yaani ute wa seli nje ya kiini. Hapo vimeng'enya kumi, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kemia, kimoja baada ya kingine, huigeuza glukosi yenye kaboni sita kuwa molekuli mbili za piruvati zenye kaboni tatu kila moja. Seli huwekeza ATP 2 mwanzoni na kupata 4, hivyo faida ni 2 tu. Oksijeni haihitajiki kabisa katika hatua hii, nami naiona kuwa ya kale na ya kimaskini, lakini usiidharau, kwa sababu chembe nyekundu za damu yako hazina mitokondria (vijumba vidogo vya ndani ya seli ambamo hatua zinazofuata hufanyika) na zinaishi kwa hiyo peke yake. Zinabeba oksijeni ya mwili mzima bila kuitumia hata kidogo, kama mpagazi anayebeba vyakula vya harusi huku amefunga.

Piruvati huingia ndani ya mitokondria, hupoteza kaboni moja kwa umbo la hewa ya ukaa, na kaboni mbili zilizobaki huingizwa kwenye mzunguko alioueleza Hans Krebs mwaka 1937 akiwa Sheffield, Uingereza, akitumia misuli ya kifua cha njiwa iliyosagwa. Jarida la Nature lilimrudishia andiko lake wakati huo. Mwaka 1953 alipewa Tuzo ya Nobel. Katika mzunguko huo kaboni zote zilizobaki hutoka kama hewa ya ukaa, na hapa pana jambo ambalo wengi hulikosea: oksijeni iliyomo katika hewa ya ukaa unayotoa si ile uliyoivuta, bali imetoka kwenye chakula na maji. Uliyoivuta inakuwa maji.

Mzunguko huo unatoa ATP chache sana moja kwa moja. Faida yake kubwa ni elektroni, yaani chembe ndogo za atomi zenye chaji hasi, ambazo hupakiwa kwenye wabebaji waitwao NADH na FADH2 na kupelekwa kwenye utando wa ndani wa mitokondria, uliojikunja mikunjo mingi kama kitambaa kilichoshindiliwa mkobani. Kwenye utando huo elektroni hushuka kutoka protini moja hadi nyingine, na kila zinaposhuka, baadhi ya protini hizo husukuma protoni (chembe za haidrojeni zenye chaji chanya) kutoka ndani kwenda upande wa pili wa utando. Mwisho wa mteremko ndipo oksijeni ilipo. Haichomi kitu. Inapokea elektroni ambazo zimekwisha kutoa nishati yake, inachukua na protoni, na kuwa maji. Ikikosekana, elektroni hukosa pa kwenda, foleni hurudi nyuma hadi mwanzo wa mstari, na kazi yote husimama.

Protoni zilizorundikana upande mmoja ni kama maji nyuma ya bwawa. Zinarudi kupitia protini moja tu ya ajabu, ambayo huzunguka kama tabo, ile mashine inayozungushwa na maji, ya bwawa la umeme la Kidatu, na kila mzunguko mmoja hutengeneza ATP tatu. Wazo la bwawa la protoni lilitolewa na Peter Mitchell mwaka 1961, likapingwa kwa miaka mingi, naye akapewa Nobel mwaka 1978. Mwaka 1997 wanasayansi wa Japani walibandika uzi mdogo wa protini unaong'aa juu ya mashine hiyo, na kwa mara ya kwanza watu wakauona ukizunguka kwenye darubini.

Karibuni kwa maswali.

Msomi wa Chang'ombe

Ndugu mtoa mada, maelezo yamenyooka, lakini umekwepa hesabu. Sisi tulifundishwa ATP 38 kwa kila glukosi, na wengine wakaambiwa 36. Sasa vitabu vipya vinasema 30 au 32. Mtoto wangu yuko kidato cha sita na ananiuliza ajibu ipi. Pili, nilifundishwa kwamba nishati imefichwa ndani ya vifungo vya chakula, na kifungo kikikatika nishati hutoka. Wewe hukuvitaja vifungo kabisa.

Mtoa mada

Mkuu, nashukuru. Namba 38 ilitokana na kudhani kwamba kila NADH inalipa ATP 3 kamili na kila FADH2 inalipa 2. Bwawa halifanyi kazi kwa namba kamili namna hiyo. Protoni nyingine hutumika kuingiza fosfati, ambayo ni malighafi ya ATP, na kusafirisha ATP kwenda nje ya mitokondria, hivyo NADH hulipa takriban 2.5 na FADH2 takriban 1.5. Glukosi moja hutoa NADH 10, ambazo ni ATP 25, FADH2 mbili ambazo ni 3, na ATP 4 za moja kwa moja. Jumla ni 32. Hushuka hadi 30 pale elektroni za NADH zilizozaliwa nje ya mitokondria zinapoingizwa kwa njia ya gharama kubwa zaidi, kama inavyotokea kwenye baadhi ya misuli. Mtoto ajibu kwa kufuata kitabu anachotahiniwa, lakini ajue kwamba 38 ni dari ya kwenye karatasi. Kwa hesabu ya 32, karibu theluthi moja ya nishati ya glukosi hubaki kwenye ATP, na nyingine huwa joto.

Kuhusu vifungo sikuvisahau, nilivikwepa makusudi, kwa sababu usemi huo umepotosha watu wengi. Kukata kifungo cha kemia hakutoi nishati. Kunagharimu nishati, siku zote. Nishati hupatikana pale vifungo vipya vilivyo imara zaidi vinapoundwa. Elektroni zilizokuwa zikigawanywa kati ya kaboni na haidrojeni kwenye sukari huishia kushikwa kwa nguvu na oksijeni, na tofauti kati ya hali hizo mbili ndiyo mali yetu yote. Chakula bila oksijeni ni gunia ghorofa ya sita katika jengo lisilo na chini.

Mama Maandazi wa Manzese

Mwalimu, shikamoo. Mimi sikufika mbali shuleni lakini nimekuelewa. Swali langu ni la hamira. Nakanda unga saa nne usiku, nafunika sufuria na kanga, na alfajiri nakuta unga umepanda hadi kuusukuma mfuniko, na ukiubonyeza unatoa harufu kama ya pombe. Hamira nayo inapumua? Na kama ni pombe, basi wateja wangu wanakunywa bila kujua?

Mtoa mada

Marahaba mama, ingawa pengine mimi ndiye nilipaswa kukuamkia. Hamira ni viumbe hai vya seli moja moja, na vinakula sukari ya kwenye unga wako. Mwanzoni, kukiwa na hewa ndani ya donge, vinapumua kama sisi. Oksijeni ikiisha, vinabaki na ile hatua ya kwanza tu, yenye faida ya ATP 2.

Hapo vinakutana na tatizo. Hatua ya kwanza inahitaji wabebaji wa elektroni walio watupu, na bila oksijeni hakuna mahali pa kuwatulia mzigo. Baada ya muda mfupi wabebaji wote wanakuwa wamejaa, na kazi inataka kusimama. Hamira hutatua hilo kwa kuitoa kaboni moja kutoka kwenye piruvati kama hewa ya ukaa, kisha kuzitupia zile elektroni kwenye kilichobaki, na hicho ndicho kinachokuwa pombe. Kwa hamira, pombe ni jalala la elektroni, na hewa ya ukaa inayoinua mfuniko wako ni mabaki tu ya kazi hiyo. Wateja wako wasiwe na hofu, kwani pombe iliyomo ni kidogo na sehemu kubwa huvukia kwenye mafuta ya moto.

Tena hamira imo katika historia ya somo hili. Mwaka 1897 Eduard Buchner, Mjerumani, aliisaga hadi seli zote zikapasuka, akakamua maji yake, akaongeza sukari, na maji yale yasiyo na seli hata moja yakatoa pombe na mapovu. Mpaka hapo wasomi wengi waliamini kwamba uchachu unahitaji uhai mzima wa seli. Alipewa Nobel mwaka 1907.

Kiungo Mkabaji

Kwa hiyo nikicheza mpira Jumamosi halafu Jumatatu nashindwa kushuka ngazi, ni ile asidi ya laktiki iliyoganda kwenye misuli?

Mtoa mada

Hapana, mkuu, na kosa hili limezeeka. Unapokimbia kwa kasi, misuli hutaka ATP haraka kuliko mitokondria inavyoweza kutoa, hivyo hutupia elektroni kwenye piruvati yenyewe na kupata laktati, ndiyo hiyo unayoiita asidi ya laktiki. Lakini laktati hiyo huondoka kwenye damu kwa muda wa saa moja hivi. Ini huichukua na kuigeuza kuwa glukosi, na moyo huitumia kama chakula kizuri tu. Maumivu ya Jumatatu yanatokana na michubuko midogo midogo ya nyuzi za misuli na uvimbe wa kuitibu.

Muuguzi wa Zamu ya Usiku

Naomba niongeze yale tunayokutana nayo wodini, kwa sababu mada hii si ya darasani peke yake. Kila msimu wa mvua kuna watu wanaoingiza jiko la mkaa chumbani ili wapate joto au wamalizie maharage, wakafunga dirisha na kulala. Mkaa huo hutoa gesi ya monoksidi ya kaboni, ambayo hushika hemoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, hivyo damu inapita ikiwa imejaa abiria asiyetakiwa. Mtu huyo kifua chake kinapanda na kushuka kama kawaida, anapumua kwa maana ya mtaani, lakini seli zake hazipumui kwa maana ya mtoa mada. Huo ndio ushahidi kwamba mambo hayo ni mawili.

La pili ni mihogo michungu. Ina kemikali inayotoa sayanidi usiposindika vizuri, na sayanidi hukaa mahali pale pale ambapo elektroni hukabidhiwa oksijeni. Hapo damu inaweza kuwa na oksijeni tele, lakini mlango wa mwisho umefungwa. Mwili una uwezo wa kuisafisha kidogo kidogo kwa kutumia salfa ya kwenye protini. Kwa hiyo wanaokula mihogo isiyolowekwa vya kutosha, na wakati huo huo hawana maharage wala samaki, ndio wanaoumia zaidi. Ugonjwa wa kupooza miguu uitwao konzo, unaohusishwa na mlo wa namna hiyo, ulishawapata watu wa Tarime mwaka 1985, kipindi cha ukame.

La tatu ni malaria. Kimelea kinapokuwa ndani ya chembe nyekundu ya damu hutegemea zaidi ile hatua ya kwanza ya kimaskini, kwa hiyo kinateketeza glukosi nyingi na kutoa laktati nyingi. Ndiyo maana mtoto mwenye malaria kali akifika amelegea tunakimbilia kupima sukari ya damu kabla ya mambo mengine.

Mtoa mada

Dada muuguzi, umefundisha kuliko mimi. Nitaomba ruhusa niutumie mfano wako wa abiria.

Fundi Gerezani

Mimi swali langu ni fupi. Nimepungua kilo kumi. Hizo kilo zimekwenda wapi? Watu wananiambia zimegeuka kuwa nguvu.

Mtoa mada

Hazikugeuka nguvu, fundi. Atomi zako zote zipo. Mafuta nayo huvunjwa vipande vya kaboni mbili mbili na kuingia kwenye mzunguko ule ule wa Krebs. Ukipoteza kilo 10 za mafuta, takriban kilo 8.4 hutoka kwa pumzi kama hewa ya ukaa, na kilo 1.6 hutoka kama maji, kwa mkojo, jasho na mvuke. Umezipulizia hewani hapo Gerezani. Usidhani basi kwamba kuhema kwa haraka ukiwa umekaa kutakupunguza. Kutakupa kizunguzungu tu, kwa sababu kasi ya kazi hupangwa na seli zinazohitaji ATP, si na kifua.

Na kwa kuwa umegusa habari ya nguvu, vile vidonge vya vitamini B vinavyouzwa kwa jina la kuongeza nguvu havina nguvu ndani yake. B1 inahitajika kuipitisha piruvati mlangoni mwa mitokondria, B2 hutengeneza FADH2, B3 hutengeneza NADH. Ni vipuri vya mashine. Gari lenye vipuri vyote haliendi mbali zaidi kwa kujaziwa vipuri vingine kwenye buti.

Msomi wa Chang'ombe

Mtoa mada, umetuacha Tandale. Mjomba aliyanunua yale mahindi au hakuyanunua?

Mtoa mada

Aliyaacha. Muuzaji alishusha bei mara mbili, naye akakataa mara mbili. Nilipomuuliza kwa nini asiyachukue na kuyaanika siku hiyo hiyo, alinijibu kwamba gunia likishapata homa huwa limekwisha kuharibika mahali usipopaona. Nilipofika nyumbani nikaona kemia ya maneno yake. Upumuaji hutoa maji. Punje mbichi inapumua na kutoa maji, maji hayo huilowesha punje ya jirani, nayo huongeza kasi ya kupumua, joto hupanda, na kuvu hupata mazingira inayoyataka, pamoja na ile inayotoa sumukuvu, ambayo mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Mkono wake ulikuwa umefika katikati ya mzunguko huo.

Anayonunua yakiwa makavu huyahifadhi kwenye mifuko ile yenye tabaka za plastiki zisizopitisha hewa, akiufunga mdomo kwa kuusokota na kuukaza kwa mpira. Haweki dawa. Dumuzi na wenzake waliomo ndani huendelea kupumua kama kawaida, oksijeni ya mfukoni inashuka, hewa ya ukaa inapanda, na baada ya siku kadhaa wadudu wenyewe wanakuwa wamekwisha kuimaliza hewa iliyokuwa ikiwaweka hai. Juzi alifungua mfuko mmoja mbele yangu, akazamisha mkono hadi kwenye kiwiko, akanikonyeza. Baridi.